Zamu ya Mwenzako: Uhakiki wa Uigizaji wa Kuandikiana

0. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuuangalia kwa jicho la mhakiki mchezo mmoja ambao haujapata nafasi katika masomo yetu ya fasihi, ingawa wanafunzi wetu wengi wanaujua na wanaucheza. Watu watatu, wanne au zaidi wanakubaliana juu ya mahali na juu ya jambo. Kila mmoja anajitwalia mhusika wake. Kisha wanatunga hadithi kwa kuandikiana, huyu sehemu yake na yule sehemu yake, pasipo mwandishi mmoja aliye juu ya wote. Mchezo huu tutauita uigizaji wa kuandikiana, na kila kipande anachoandika mchezaji mmoja tutakiita zamu.

Swali letu ni moja: zamu nzuri ni ipi? Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo. Sisi tunaliuliza kwa sababu tuliwahi kulijibu vibaya mbele ya wanafunzi, na jibu letu lilichangia kuua hadithi iliyokuwa hai. Tutaanza basi na kosa letu, tutalichambua kisarufi, tutaeleza mchezo huu ulikotoka, tutaomba msaada kwa waigizaji wa mji wetu wa Lubumbashi, na mwishoni tutatoa mapendekezo machache.

1. Zamu tuliyoisifu

Wanafunzi sita wa lugha walikuwa wakicheza nyakati za jioni, kila mmoja nyumbani kwao, kwa ujumbe wa simu. Hadithi yao ilikuwa ya machimbo ya madini pembezoni mwa mji, ya wale wanaochimba kwa mikono. Wachezaji wanne walikuwa wachimbaji, wote wamo ndani ya shimo. Wa tano, msichana, alikuwa mama wa mmoja wa wachimbaji hao, akiuza chakula karibu na mdomo wa shimo. Wa sita alikuwa mnunuzi wa madini, mwenye mzani. Jioni ya tatu huyu wa sita aliandika zamu ifuatayo. Maneno tumeyabadili kidogo, kwa idhini ya wachezaji. Umbo la sentensi ni lile lile.

«Usiku ukaingia kama shuka jeusi. Ardhi ikanguruma, nguzo zikakatika, shimo likafumba kinywa chake. Wachimbaji wote wanne wakazikwa wakiwa hai. Mama aliyekuwa juu akaanguka, akajigaragaza, akalia kwa sauti iliyopasua mbingu, kisha akazimia.»

Tulipoonyeshwa zamu hiyo tuliisifu mbele ya wenzake. Tuliona tashbiha ya usiku, tashihisi ya shimo lenye kinywa, mdundo wa vitenzi vinavyofuatana mpaka kile cha mwisho kinachozima kila kitu. Kiswahili chake ni sanifu, hakina doa. Kama ingekuwa aya ya hadithi fupi, tungeipa alama nzuri bila kusita.

Lakini jioni ile ile mchezo ulikufa. Wachimbaji wanne hawakuwa na la kuandika, maana wafu hawasemi. Msichana aliandika maneno matatu, «Mama ni wangu», akajitoa. Tulipomuuliza siku chache baadaye, alitueleza kwamba mjomba wake alifia shimoni. Akasema: «Nkambo hakulia. Alikaa pale siku mbili akihesabu wanaotoka.» Huyo ndiye mama aliyekuwa akimtunga kidogo kidogo kwa jioni tatu, na zamu moja ilimnyang'anya, ikamvisha kilio cha mama yeyote wa hadithi yoyote.

Turudi kwenye zamu yenyewe na tuvihesabu vitenzi vyake vikuu. Ni tisa. Vinne vya kwanza ni vya usiku, ardhi, nguzo na shimo. Vitano vinavyobaki vimo mikononi mwa wahusika wa wengine: kimoja cha wachimbaji, vinne vya mama. Mnunuzi wa madini, ambaye ndiye mhusika wa mwandishi, hana hata kimoja. Hakusogea, hakusema, hakuogopa. Mwandishi alimtelekeza mhusika wake mwenyewe na kwenda kuishi ndani ya miili ya wengine. Sisi hatukuliona hilo, kwa kuwa tulikuwa na kipimo kimoja tu mkononi, kile cha kazi ya mtu mmoja.

2. Mpaka ambao sarufi hauonyeshi

Mwanafunzi huyu hakuwa na nia mbaya. Alitueleza kwamba aliandika «kama hadithi inavyoandikwa», na alisema kweli. Hapa mtaalamu wa lugha ana neno la kusema, kwa sababu Kiswahili chenyewe kina njia mbili zinazorahisisha kosa hili.

Njia ya kwanza ni kiambishi -ka-. Kila mwanafunzi anajua kazi yake katika masimulizi: kuunganisha matukio yanayofuatana. Lakini kiambishi hiki huyasogeza masimulizi mbele na papo hapo hufunga mlango nyuma yake. Kitendo kilichosimuliwa kwa -ka- kimekwisha kutendeka. Anayefuata hana nafasi ya kusema kwamba hakikutendeka, au kwamba kilitendeka vingine. Tena mnyororo wa -ka- una mwendo wa mteremko. Aliyeanza na «ardhi ikanguruma» anavutwa na mdundo mpaka «akazimia», na katikati hakuna mahali pa kupumzika na kujiuliza: kitendo hiki ni cha nani?

Njia ya pili ni kiambishi cha nafsi, a-. Katika mchezo unaosimuliwa kwa nafsi ya tatu, mhusika wangu ni a- na mhusika wako ni a-. Chukua sentensi hii: «Akamsukuma, akateleza, akaanguka.» Nani aliteleza? Katika riwaya muktadha hutosha, tena mwandishi ni mwenye wahusika wote, kwa hiyo akikosea amejikosea mwenyewe. Katika kuandikiana vitenzi hivi vitatu vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Mchezaji anavuka mpaka wa mwenziwe bila kengele yoyote kulia.

Linganisha sasa na sentensi hii: «Ananyosha mikono ili amsukume.» Kitenzi cha kwanza ni changu, na kimetendeka. Cha pili ni kusudio tu. Kama mwenzangu atasukumwa, atakwepa au atanishika mkono, yeye ndiye atakayeandika. Hatudai kwamba -ka- ifukuzwe mchezoni. Ni utajiri wa masimulizi ya Kiswahili, na mchezaji yuko huru kuitumia kwa mhusika wake mwenyewe apendavyo. Ila kwa mhusika wa mwenzake akomee kwenye kusudio.

3. Mchezo ulikotoka

Ingefaa sasa tueleze kwa kifupi asili ya mchezo huu, maana historia yake inaonyesha kwamba suala la nani anamtendesha nani si jipya, wala si la heshima za kawaida tu.

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika, na mmoja wao anauendesha ulimwengu wa hadithi. Mchezaji anasema analokusudia. Lenye mashaka huamuliwa na dadu. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, walitunga programu ya kompyuta iliyoitwa MUD, ambamo watu kadhaa waliweza kuingia ulimwengu mmoja ulioundwa kwa maneno matupu, wakatembea na kusemezana kwa kuandika. Kutoka hapo uigizaji wa maandishi ulienea.

Tuangalie kazi ya dadu. Dadu halipendelei mtu: mimi nakusudia, lenyewe linaamua. Wale walioliacha na kubaki na maandishi matupu walipata uhuru mkubwa, lakini walimpoteza mwamuzi. Penye kukosekana dadu, anayebaki kuamua yaliyompata mhusika ni mwenye mhusika. Asipokuwa yeye, basi ni yule mwenye kalamu ya haraka kuliko wote.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika ulimwengu wa maandishi ulioitwa LambdaMOO, ulioanzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Mwaka 1993 mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu ndogo iliyomwezesha kuandika vitendo vikaonekana kana kwamba vimetendwa na wahusika wa watu wengine. Kwa njia hiyo aliwadhalilisha wahusika hao kijinsia mbele ya wote waliokuwapo. Mwandishi wa habari Julian Dibbell alikieleza kisa hicho mwishoni mwa mwaka huo katika gazeti la Village Voice la New York. Hakuna mwili ulioguswa, yalikuwa maneno. Hata hivyo waliotendewa waliumia, wakadai haki. Mmoja wa wasimamizi alimfuta mhusika yule, na baadaye Curtis akaweka utaratibu wa maombi na kura ili wachezaji wenyewe waamue mambo ya pamoja.

Hatumlinganishi mwanafunzi wetu na mtu yule. Mmoja alikusudia kudhuru, mwingine alikusudia kuandika vizuri. Tunachosema ni kwamba njia waliyopita ni moja kisarufi: kumfanya mhusika wa mwingine kuwa kiima cha kitenzi ambacho mwenyewe hakukichagua.

Katika fasihi yetu pia kuandikiana kwa zamu si jambo geni. Washairi wa Kiswahili wamejibizana tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Katika malumbano mshairi humshambulia mwenzake, humdhihaki, humpinga. Lakini hamwandikii jibu lake. Humwachia beti, na kusubiri.

4. Somo la kundi la Mufwankolo

Mfano ulio karibu nasi zaidi haukuandikwa kabisa. Ni maigizo ya kundi la Mufwankolo la hapa Lubumbashi, ambalo kwa miaka mingi liliwachekesha na kuwafundisha watu kwa redio na televisheni, kwa Kiswahili cha mji huu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana na kundi hilo mwaka 1986, wakati Katanga ikiitwa bado Shaba na nchi ikiitwa Zaire, na mwaka 1990 alitoa kitabu kiitwacho Power and Performance. Alikuwa ameuliza juu ya maana ya msemo mmoja, kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Waigizaji waliuchukua msemo huo, wakaujadili kwa kirefu, wakaufanya igizo.

Jinsi walivyofanya kazi ndiyo inayotuhusu. Hapakuwa na maandishi ya kukariri. Kundi lilijadiliana kwanza juu ya maana, likapanga mfuatano wa maonyesho, likagawana nafasi, kisha likafanya mazoezi. Maneno yenyewe kila mwigizaji aliyapata papo hapo, naye hakuyasema vile vile katika mazoezi na katika onyesho. Anayesoma maandiko aliyoyanukuu Fabian anaona kwamba kilichokuwa imara ni mpango na nafasi za wahusika. Kilichokuwa huru ni maneno.

Wanafunzi wetu sita walifanya kinyume. Hawakujadili chochote kabla ya kuanza. Hawakujua kama hadithi yao ni ya maafa, ya ujanja wa mnunuzi au ya mapenzi ya mama. Kwa hiyo kila zamu ilikuwa pia jaribio la siri la kuipeleka hadithi upande fulani, na aliyeandika kwa nguvu zaidi alishinda. Zamu tuliyoisifu ilikuwa, kwa maneno ya msemo ule, madaraka yaliyoliwa mazima.

Kuna tofauti moja ambayo hatuna budi kuikubali. Mwigizaji wa jukwaani anauona uso wa mwenzake. Akiona amefungua mdomo, atanyamaza. Akiona amekwama, atamsaidia. Hata katika maongezi ya kawaida, kama walivyoonyesha Sacks, Schegloff na Jefferson katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1974, wasemaji hutambua mahali ambapo zamu inaweza kubadilika, na aliye na zamu anaweza kumchagua anayefuata, kwa mfano kwa kumwuliza swali. Maandishi hayana uso. Ishara zote ambazo jukwaani hutolewa na jicho na pumzi, katika kuandikiana lazima ziandikwe. Mchezaji asipoziandika, hazipo.

5. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza kipimo hiki: ubora wa zamu upimwe kwa majibu inayoyawezesha. Uzuri wa maneno una nafasi yake, lakini ni wa pili. Keith Johnstone, mwalimu wa uigizaji usioandikwa, alifundisha katika kitabu chake Impro cha mwaka 1979 kwamba kila afanyalo mwigizaji ni pendekezo kwa mwenzake, ambalo mwenzake anaweza kulipokea au kulizuia. Tukiipima zamu ya shimo kwa kipimo hicho, hatuoni hata pendekezo moja ndani yake. Kila kitu kimekwisha kuamuliwa.

Kwanza, wachezaji wajadiliane kabla ya kuanza, kama kundi la Mufwankolo lilivyofanya. Waseme hadithi ni ya nini, na waseme pia yale ambayo hawataki yaguswe. Kama wanafunzi wetu wangelizungumza kwa nusu saa, msichana angeweza kusema juu ya mjomba wake, au angalau kuomba kwamba kifo kisiletwe bila kuulizana.

Pili, zamu iishie mlangoni. Sentensi ya mwisho imwelekee mtu: swali, kitu kinachonyoshwa, hatua inayosubiri nyingine.

Tatu, mchezaji akubali mhusika wake kushindwa. Mchimbaji ambaye kila jiwe linampita kando, kila hila anaigundua, anawanyima wenzake mapendekezo sawa na yule anayewaua wote. Anayetaka apewe nafasi sharti na yeye aguswe.

Nne, ujuzi wa mchezaji usiwe ujuzi wa mhusika. Wachezaji wote walisoma, jioni ya kwanza, kwamba mnunuzi ana mzani wa uongo. Jioni ya pili mchimbaji mmoja, aliye chini kabisa ya shimo, akaanza kulalamikia mzani huo. Alijuaje? Hadithi yoyote huishi kwa yale ambayo baadhi ya wahusika hawayajui bado.

Tano ni jambo la lugha, na hapa tunajua kwamba wenzetu wengine hawatakubaliana nasi. Walimu tumezoea kudai Kiswahili sanifu kila mahali. Lakini mama anayeuza chakula machimboni hasemi kama kitabu cha sarufi. Tunaona ni vema masimulizi yaende kwa Kiswahili sanifu na mazungumzo yaende kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kila moja mahali pake. Mwanafunzi anayejua kuvuka kutoka hiki kwenda kile na kurudi ndani ya zamu moja, tena kwa makusudi, ameonyesha ujuzi wa lugha ambao mitihani yetu haiupimi.

Baada ya majuma kadhaa tuliwaita wote sita, tukakiri mbele yao kwamba tulisifu tusichokielewa. Walikubali kuirudisha hadithi nyuma, kabla ya ardhi kunguruma. Mwanafunzi wa sita aliandika upya:

«Ardhi inanguruma. Nguzo mbili za mlangoni zinakatika, vumbi linapanda. Mnunuzi anaacha mzani wake, anakimbia hadi ukingoni, anainama, hasikii kitu. Anamgeukia mama: "Mama, bantu ngapi beko ndani?"»

Haina tashbiha hata moja. Vitenzi vya masimulizi ni vya ardhi, nguzo, vumbi na mnunuzi peke yao. Balaa limeletwa, lakini hakuna aliyekufa wala aliyelia, kwa kuwa hayo ni ya wenyewe kuamua. Na mlango upo: ni swali. Hata kuacha mzani kunatuambia juu ya mnunuzi jambo ambalo zamu ya kwanza, pamoja na mapambo yake yote, haikutuambia. Msichana alijibu:

«Mama hamjibu. Anahesabu kwa vidole, midomo inacheza bila sauti. Anafika kidole cha nne, anakishika. "Beko ine. Mutoto yangu njo wa mwisho."»

Nkambo wake ameingia hadithini, akihesabu. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuiandika zamu hiyo, na isingeandikwa kama zamu iliyotangulia isingemwachia nafasi. Wachimbaji nao walikaa kimya jioni nzima, kwa makubaliano. Kesho yake mmoja wao aliandika mstari mmoja, kwamba kutoka chini jiwe linagongwa mara tatu.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uigizaji wa kuandikiana una kipimo chake chenyewe, na kwamba mhakiki anayeuendea na kipimo cha riwaya au cha hadithi fupi ataisifu zamu inayoua mchezo na kuidharau ile inayoufufua. Tumeonyesha pia kwamba kosa lake kubwa, yaani kumtendesha mhusika wa mwingine, lina mizizi katika sarufi tunayoifundisha, na kwa hiyo linaweza kufundishwa na kuepukwa.

Yapo yatakayosemwa dhidi yetu. Msomaji mmoja wa rasimu hii alituambia kwamba kanuni zikizidi mchezo unageuka darasa, na watoto watakimbia. Pingamizi hili lina haki. Kwa sababu hiyo hatuombi mchezo huu uingizwe katika mitihani. Tunaomba tu kwamba wenzetu wausome, kwa idhini ya wanaoucheza, kama wanavyosoma maandiko mengine. Wengi wa wanafunzi wetu huandika Kiswahili kwa sababu tumewaamuru. Katika mchezo huu wanakiandika usiku, kwa hiari yao, wakisubiri kwa hamu kujua mwenzao atasema nini. Mwalimu anayewakuta hapo na aingie polepole, na kabla ya kusifu zamu ya mtu yeyote, aangalie kwanza imemwachia nini anayefuata.